Soma Mwenyewe

6 Machi

Mpwa wangu Sindano,

Marahaba, mwanangu, maana najua ungeanza na shikamoo. Mimi mzima, ukiondoa macho. Dada yangu anaendeleaje na magoti? Mwambie aache kupanda ngazi kwa ubishi, magoti hayana spea.

Usishtuke kuona mwandiko ulionyooka. Si wangu. Wangu unaujua, wewe mwenyewe ulisema kuku amekanyaga wino. Huu ni wa mama mmoja aliyeletwa na Chama cha kusaidia wasioona. Anakuja Jumatano mchana, ananichukulia barua kwenye sanduku la posta, ananisomea, kisha anaandika ninayoyasema. Ndiyo, macho yamefika huko. Ni mtoto wa jicho, yote mawili. Mimi na marehemu mke wangu hatukujaliwa watoto, sasa uzeeni nimepata wawili kwa mpigo, wamekaa machoni na kazi hawafanyi. (Mzee amecheka, nami nimecheka. — Msomaji)

Kazi nimeacha. Meza yangu chini ya ngazi, mlangoni mwa lile jengo la maofisi, nimeifunika turubai. Siku niliyoweka mshale wa dakika mahali pa mshale wa saa, na mwenye saa akanirudishia, nikajua basi.

Huyu Msomaji alikuwa mpiga chapa ofisini maisha yake yote. Akisoma hasemi maneno tu. Akifika aya nyingine anatangaza, "Aya mpya." Barua yako iliyopita aliisoma hivi: "Mama anakohoa. Aya mpya." Nikamwambia kwenu hata kikohozi kinapewa aya yake.

Chama kina masharti. Huduma ni ya asiyeona kabisa, si ya mvivu wa kusoma. Kila mwisho wa mwezi naweka dole gumba kwenye karatasi kwamba hali yangu ni ile ile. Wanaosubiri ni wengi kuliko wasomaji, kuna mzee mmoja mtaa wa pili anaingoja hii hii Jumatano yangu. Mwezi ujao daktari atanipasua. Nikiona, nitamwachia nafasi yake.

Niombeeni.

Mjomba wako, fundi saa asiye na saa


11 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Kama umekaa kwenye kile kiti chako kibovu, tafuta kingine, maana nina mengi. Huku hatujambo. Nimepata kazi ya kushona sare za shule, mashati mpaka nayaota. Cherehani imeanza kuruka mishono, nikiipiga kofi inatulia. Mama hajambo kwa maneno, kwa mwili sijui. Anaweka chai, anaiacha ipoe, anasema hakujiwekea yeye, ni yako.

Mjomba, chumba cha nyuma kipo. Nimekuandikia haya mara ngapi? Kila mara unajibu "tutaona". Sasa huoni, kwa hiyo hilo jibu limekwisha. Hata ukipona, uje. Hapo mjini unakaa na nani? Mke umemzika, meza umeifunika. Mama anazungumza nawe hata usipokuwepo, anakukaripia kabisa, mimi nabaki kuitikia kwa niaba yako.

Nakutumia saa yake, ile uliyompa siku unaondoka. Imesimama, na yeye anakataa isiguswe na fundi wa huku. Anasema fundi wa huku atatoa vya ndani aweke vya bati. Wewe mpe fundi unayemwamini hapo mjini.

Msomaji, shikamoo mama. Asante kwa mwandiko. Mama anasema umenyooka kuliko maisha ya mdogo wake.

Mpwa wako,
Sindano


29 Mei

Sindano wangu,

Hamjambo huko? Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa hospitali, kisha nikawa nasubiri, kisha nikawa sina la kusema.

Upasuaji umefanyika. Bandeji zimetolewa. Giza ni lile lile. Daktari alijitahidi, simlaumu, na ninyi msilie. Mwambie Dada kwamba aliyezoea giza hagongi kiti. (Hili si kweli, jana amegonga kiti. — Msomaji)

Kuja huko, mwanangu, haiwezekani sasa. Mzee kipofu katika basi siku mbili ni mzigo usio na mpini. Hapa nimezoea kuta zangu. Asubuhi nasikia jirani wa juu akiburuta ndoo, jioni nasikia wa kando akifunga mlango wake kwa komeo mbili. Hawajui jina langu, nami lao sijui. Kuna siku nzima sauti yangu haitoki, nikija kuitumia inakuwa na kutu, inabidi nikohoe kwanza. Ila Jumatano. Jumatano nanyoa ndevu, nafagia, nachemsha chai ya watu wawili. Anapobisha hodi tu, basi, nimekuwa mtu tena. Ananiita "mzee wangu". Anasoma barua yako mara mbili nikiomba, na ya pili huisoma polepole.

Saa ya Dada hiyo, imo katika boksi la dawa. Nimempa fundi mmoja kijana aliyerithi meza yangu. Ilikuwa na vumbi tu na mafuta yameganda.

Mjomba wako, gizani bado


20 Juni

Shikamoo Mjomba,

Boksi limefika. Saa inakwenda vizuri. Mama aliiweka sikioni kabla hata ya kuifunga mkononi. Poleni na mvua, redio imesema inanyesha kwenu. Huku jua tu, na vumbi linaingia kwenye vitambaa vyeupe, nafua shati kabla halijavaliwa.

Mama alipopata habari ya macho yako alilia. Sasa analia kila jioni, akidhani niko kwenye cherehani sisikii. Sili vizuri nikimsikia.

Nina jambo moja kuhusu saa. Niliifungua kifuniko cha nyuma jikoni, nikiwa peke yangu. Wewe ulinifundisha, unakumbuka, kwamba kila fundi huacha alama yake ndani akishatengeneza. Nikaziona zako za zamani, ule mguu wa kuku wenye kidole cha kati kilichopinda. Na pembeni nikaona mwingine mpya, unang'aa, na tarakimu ya mwezi wa tano. Kidole cha kati kimepinda vile vile.

Huyo fundi wako kijana ana mkono kama wako mpaka nimeshangaa. Na mistari ile ni myembamba kuliko unywele. Mtu wa kuchora vile lazima ana macho mazuri sana. Nisalimie. Mwambie kuna mama mzee huku anamlilia mjomba wangu kila jioni, na kwamba angefurahi kusikia hapo mjini kuna macho mazuri namna hiyo. Mwambie mimi sijamwambia huyo mama. Namwachia yeye.

Msomaji, natumaini hujambo. Nisamehe kwa kukuchosha na habari za saa.

Mpwa wako,
Sindano


2 Agosti

Mpwa wangu,

Natumaini mashati yamepungua. Mimi nipo. Mguu wa kushoto unaniuma kukicha, ni uzee, hauna sababu nyingine.

Salamu zako nimemfikishia fundi kijana. Amefurahi, na ameona haya. Anasema mguu wa kuku nilimfundisha mimi, ndiyo maana umefanana. Nilimwambia hutaridhika na jibu hilo. Akasema nikuombe umvumilie.

Huyo kijana, Sindano, ni mtu mpweke. Ningependa umwelewe. Watu wanapita mbele ya meza yake kwenda juu ofisini na kurudi, hawamwoni, wanaona saa zao tu. Mke hana. Akirudi nyumbani anawasha redio ili pawe na mtu anayezungumza, na hata aliye redioni hazungumzi naye. Ana siku moja katika wiki ambayo mtu anabisha hodi kwake na kumuuliza amelalaje. Anajua anaipata siku hiyo kwa njia isiyo sawa. Anajua kuna mwingine anaingojea. Kila wiki anasema, hii ndiyo ya mwisho, kesho nasema ukweli. Hodi ikigongwa, hasemi.

Usimwambie Dada habari zake. Atasikitika bure.

(Nami ningependa kumjua fundi huyu. Namuuliza mzee kila mara anipeleke, anasema kijana hapendi wageni. — Msomaji)

Mjomba wako


19 Agosti

Shikamoo Mjomba,

Huku tupo. Sare zimekwisha, sasa nashona mapazia ya ofisi moja, kazi ya kulala usingizi. Mama anakusalimu. Fundi kijana mwambie nimemsikia, lakini uvumilivu wangu ni mfupi, nimeurithi kwako.

Habari nyingine sina.

Msomaji, mama yangu, kuanzia hapa tafadhali usimsomee.

Mama anaumwa. Miguu imejaa maji, halali chali, anaketi usiku na mchana ameegemea mito. Daktari amesema moyo umechoka na hakutaja dawa. Nimemwambia nimwite Mjomba, amekataa kabisa. Amesema, "Msimwite. Kipofu mtamsumbua wa nini? Aje kunipapasa uso?" Nimemuahidi sitamwita, na kweli simwiti. Nakuandikia wewe.

Mtafutie namna ya kumwambia, wewe unamjua moyo wake. Usimshtue. Ukiona bora usubiri ziara nyingine ili umwandae, subiri, sitakulaumu. Ila karatasi hii mwachie yeye, usiondoke nayo. Barua zangu hupenda kuziweka chini ya mto.

Basi la kuja huku linaondoka kila siku alfajiri. Nakutajia tu, kama kuna mtu mwenye macho hapo anayeweza kulipanda.

Sindano


Simu ya maandishi, 8 Septemba

MAMA AMEFARIKI JUMAPILI. TUMEMZIKA LEO. SINDANO


17 Septemba

Sindano, mwanangu,

Huu ni mwandiko wangu. Utausoma kwa taabu, na iwe hivyo.

Sina cha kukusalimia nacho. Dada yangu amekufa na mimi nilikuwa nimekaa hapa kitandani na barua yako mkononi. Nitakueleza yote, nawe ukimaliza ufanye unavyoona.

Naona. Nimeona tangu Mei. Daktari alipofungua bandeji aliniuliza vidole vingapi, nikasema vitatu, na vilikuwa vitatu. Nikatoka hospitali naona mpaka kutu ya lango. Nilifika chumbani nikaona jinsi kilivyo kichafu, nikalala bila kufungua dirisha. Kesho yake ilikuwa Jumatano. Msomaji akaingia, akanikuta nimekaa gizani, na kabla sijafumbua mdomo akasema, "Pole, mzee wangu. Naona hayakufaa." Akanishika bega. Tangu nizike mke wangu hakuna aliyenishika bega. Nikanyamaza. Hakuna zaidi ya hapo, mwanangu, nilinyamaza tu, yeye akaendelea kunifariji na mimi nikamwacha. Lakini mwisho wa mwezi ile karatasi ikaja, na pale sikunyamaza, niliweka dole gumba. Na mwezi uliofuata. Na uliofuata.

Barua yako ya Agosti alikuja nayo Jumatano. Akasoma mpaka "habari nyingine sina", akatua. Nikamwona macho yanakimbia chini ya karatasi. Hajui kuficha uso, kwa nini aufiche mbele ya kipofu? Akasema, "Ndiyo mwisho, mzee wangu." Akaikunja akaniwekea chini ya mto kama ulivyomwomba. Alipotoka niliisoma kabla hajafika barabarani.

Nilielewa. Uliniandikia mimi, si yeye. Basi la alfajiri uliniandikia mimi.

Sikwenda. Nilifungasha begi, nikaliweka mlangoni, nikakaa. Nilijiambia nikiondoka kesho, Msomaji atakuja akute chumba kitupu, atajua niliisoma mwenyewe, na Chama kitajua. Nikasema, ngoja, Jumatano ijayo ataniambia. Akishaniambia nitakuwa na haki ya kujua. Nitalia mbele yake, atanipandisha basi yeye mwenyewe, na nikirudi atakuja tena. Ndivyo nilivyopanga. Nilisubiri kuambiwa jambo ninalolijua, na dada yangu akiwa ameegemea mito.

Jumatano akaja na simu yako ya maandishi mkononi. Hakukaa. Akaanza kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, kuna kitu nilikuficha wiki iliyopita. Dada yako alikuwa..." Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimebeba maneno yale wiki nzima, nikamkatiza. Nikasema, "Najua. Alikataza nisiitwe. Kipofu mtamsumbua wa nini."

Akaishusha simu. Maneno hayo hakuwa amenisomea.

Niliona uso wake ukibadilika. Aliangalia mto, kisha akaniangalia machoni, na mimi sikuweza tena kuyapoteza macho yangu kama nilivyozoea. Hakunifokea. Aliuliza jambo moja, "Ulikuwa unaniona nikilia?" Kwa maana kuna siku, barua yako ya saa ilipokuja, alinisomea huku machozi yanamshuka. Lile la mama anayelia jioni lilimgusa, ana yake nyumbani, sijui ni yapi. Sauti haikutikisika hata kidogo. Nami nilikaa nikimtazama, sikumpa hata kitambaa, kwa sababu kipofu haoni machozi. Nikamjibu, "Ndiyo."

Akaiweka simu juu ya meza, maandishi juu. Akasema, "Basi soma mwenyewe." Akatoka, na mlango akaufunga taratibu.

Nikaisoma mwenyewe.

Kesho yake nilikwenda Chama nikawaambia kabla hawajaniita. Yeye alikuwa ameshawaambia, ni kazi yake, simlaumu. Wamenipeleka polisi. Nimeambiwa nisitoke mjini mpaka kesi iishe, kwa hiyo hata kaburi siwezi kuja kuliona.

Mjomba wako


23 Oktoba

Sindano,

Sijapata jibu, na sikulaumu. Kila siku naenda posta mwenyewe kufungua sanduku. Mama wa dirishani alizoea kumwona Msomaji akinichukulia barua mimi kipofu, sasa ananitazama kama mwizi, na si uongo.

Kesi imekwisha. Kosa langu lina jina refu, kujipatia huduma kwa njia ya udanganyifu. Nilikuwa sijui kama lina jina. Hakimu alikuwa kijana mpole. Akaniuliza, "Huduma gani hasa ulijipatia?" Nikasema, kusomewa barua. Akauliza za nani. Nikasema za mpwa wangu, hakuna mwingine anayeniandikia. Akauliza kama sikujua kusoma. Nikasema najua. Akaweka kalamu chini, akauliza, "Sasa ulitaka nini, mzee?" Ukumbi mzima ukanitazama. Nikasema nilitaka mtu aje. Karani akauliza aandike vipi, hakimu akamwambia aandike hivyo hivyo.

Sikufungwa. Nimepewa kufagia ua wa Chama mpaka mwisho wa mwaka, na kuomba radhi kwa maandishi. Yule mzee wa mtaa wa pili alikuja mahakamani na fimbo yake. Ameingoja ile nafasi miezi yote niliyoikalia. Ana mwanawe ng'ambo, barua zake zilikuwa zinalala hazijafunguliwa. Nilipita karibu naye nikamwambia ni mimi. Akasema, "Sauti yako ni ya mtu mzima," basi, akaongozwa nje.

Nimefunua meza. Wateja wachache wamerudi.

Niandikie hata matusi. Nayajua matusi yako, ni ya kushona, hayachani.

Mjomba wako


15 Novemba

Shikamoo Mjomba,

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira. Bado ninayo, usidhani imekwisha. Ile karatasi niliiandika kwa kuyapima macho yako. Kila basi lililoingia jioni nilitoka mlangoni na sindano mdomoni. Jumamosi nikatoka. Jumapili nikatoka, na nikirudi ndani Mama alikuwa ameshaondoka. Alikuwa peke yake dakika ile, kwa sababu mimi nilikuwa mlangoni nakungoja wewe. Hilo sijui nitakusamehe lini.

Kazi ipo. Cherehani nimeipa mkanda mpya. Nyumba ni kubwa, sikuwa najua. Napika sufuria ile ile ya watu wawili, siku ya pili nakula kiporo.

Sasa kuna jambo la Mama, na nimelikalia tangu Septemba. Nilitaka nisikuandikie. Nakuandikia kwa sababu sasa huna tena mtu wa kukuficha kitu.

Wiki yake ya mwisho aliniomba nimfungulie saa. Mikono yake haikuwa na nguvu. Nikaifungua kifuniko, nikafikiri anataka kuiona inavyozunguka. Akapitisha ukucha ndani, taratibu, mpaka ukakwama kwenye mguu wa kuku ule mpya. Akasema, "Niliifungua siku ile ile ilipofika. Mdogo wangu anaona." Mimi nilidhani naijua siri hiyo peke yangu. Nikamuuliza, sasa jioni zote zile ulikuwa unalia nini? Akasema, "Namlilia jinsi alivyo peke yake, mpaka ameona afadhali awe kipofu." Nikamwambia, basi nimwite, maana anaona, aje. Akanishika mkono, akasema, "Usimwite. Akija mbio watajua anaona, watamnyang'anya mtu wake wa Jumatano. Mimi naondoka, Sindano. Yeye atabaki na nani?"

Hayo ndiyo aliyosema. Yale ya kipofu kumpapasa uso yalikuwa ya kunifunga mdomo tu. Barua yangu wakati huo ilikuwa imeshaondoka, na sikumwambia.

Nimemaliza. Adhabu yako ikiisha, chumba cha nyuma kipo. Sijasema nimekusamehe. Nimesema chumba kipo.

Sindano


4 Desemba

Mpwa wangu Sindano,

Marahaba. Mimi mzima. Saa ya Dada naomba uendelee kuitia ufunguo kila asubuhi, ikisimama muda mrefu mafuta yataganda tena.

Ua wa Chama ni mkubwa, una miti inayomwaga majani kwa makusudi. Chumba cha kusomea kina dirisha upande ninaofagia. Jumatano iliyopita yule mzee wa mtaa wa pili alikuwa ndani na barua ya mwanawe. Nilisikia sauti ya Msomaji. "Hali ya hewa huku ni baridi. Aya mpya." Mzee akacheka. Nikasogea na ufagio mpaka mwisho wa ua, nisisikie yasiyo yangu. Alipotoka alinisalimia kama anavyomsalimia yeyote, nikaitikia nikiangalia chini. Barua ya radhi nilimpa. Sijui kama ameisoma.

Barua yako niliifungua posta, nikairudisha kwenye bahasha, nikangoja nifike chumbani. Nikachemsha chai. Nikakaa kwenye kile kiti kibovu na nikaisoma kwa sauti, kama nilivyozoea kuisikia. Sauti ilikuwa na kutu, nikakohoa, nikaanza upya. Kila mwanzo wa aya nikasema "aya mpya".

Nilipofika pale Dada alipokushika mkono, nilitua. Msomaji angeitazama aya ile, angenitazama mimi, na angesema, "Ndiyo mwisho, mzee wangu." Nami ningeamini, ningelala.

Nimeisoma yote. Kisha nimeisoma tena polepole.

Nitamaliza kufagia tarehe thelathini na moja. Tarehe moja alfajiri nitakuwa kwenye basi. Usije kunipokea, baki na kazi yako. Nyumba nitaiona mwenyewe.

Mjomba wako, anayeona